Lenzi ya Karibu

Jumamosi, 3 Mei

Tangazo mlangoni pa ngazi! Karatasi nyeupe, herufi nene, muhuri wa kamati. Eti bustani ya uani "haitumiki ipasavyo", kwa hiyo wakazi wote tunaombwa tuhudhurie mkutano Jumapili ya tarehe 18 tupige kura. Ibaki, au imwagiwe zege iwe maegesho ya magari. Haitumiki! Na Mama anafanya nini pale kila siku iendayo kwa Mungu — anaota jua?

Najua limetoka wapi. Mwenyekiti wa kamati, yule wa jengo la pili, ghorofa ya nne, kanunua gari refu kama treni na halina pa kulala. Basi mirehani ya Mama ihame.

Nilipanda na mfuko wa vitunguu nikiwaza namna ya kumwambia. Kumbe keshaambiwa. Alikuwa jikoni anatoa udongo kwenye kucha, hasemi neno. Mama mkwe wangu akinyamaza ujue mambo si shwari.

Baada ya chakula ndipo akasema, taratibu kabisa, kwamba shemeji yangu mdogo amempigia simu tena. Chumba cha Mama kule kwake kiko tayari, kitanda kimeshatandikwa. Pengine wakati wake wa kwenda umefika. Bustani ikiondoka, atakaa huku juu afanye nini — ahesabu vigae?

Mume wangu akasema tuone. Yeye kila kitu ni tuone.

Nasema hapa, maana humu hasomi mtu: sitaki aende. Tunagombana, ndiyo. Chumvi, redio, namna ninavyokunja mashuka. Lakini nikirudi kazini ndiye wa kwanza ninayemwona, kakaa juu ya ndoo yake aliyoipindua katikati ya majani, ananipigia kelele kutoka mbali: "Umechelewa!" Hata nikiwahi. Siku nitakayovuka ule uwanja bila kupigiwa kelele sijui nitaingiaje humu ndani.

Jumapili, 4 Mei

Asubuhi nimesimama kwenye roshani nikatazama chini. Kwa nini watu wanaona haitumiki? Nikaona kwa nini. Kutoka ghorofa ya tatu bustani ni kijani na kahawia tu, kama sweta kuukuu limetupwa uani. Majengo mawili, watu wote hawa, na kila mtu anaiangalia kutoka juu.

Nikashuka. Nikachuchumaa pembeni ya ndoo ya Mama, mbele ya mrehani unaochanua. Ua lake dogo, kama punje ya mchele. Lakini ndani! Vinywele, na vumbi la njano kwenye ncha, na mdudu fulani anaingia na kutoka kama mwenye nyumba. Nikamwambia Mama laiti wangeona hiki. Akasema yeye mwenyewe hakioni, macho yake ya karibu yalishakufa zamani, hupapasa tu.

Hapo wazo likanijia. Picha! Kubwa, upana wa mlango. Nizibandike ngazini, wakipanda wazione, wakishuka wazione. Kamera tunayo, ile tuliyonunua wakati wa harusi ya wifi. Nikaikimbilia, nikapiga. Ua likatoka kidoa. Nikasogea — kidoa chenye ukungu. Lenzi ya harusi inajua maharusi tu. Nahitaji lenzi ya karibu.

Mume wangu akanikumbusha kwamba ile akiba ni ya sofa. Springi inamchoma, anaisema kila siku. Nikajiandaa kwa vita. Mama akasema kutoka jikoni kwamba sofa halina kosa, tunakaa vibaya. Vita vikaisha hapo.

Jumatatu, 5 Mei

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi dukani. Muuza kamera ni kijana mwenye fulana ya mifuko mingi, yote mitupu. Nikamwambia nataka lenzi inayoleta vitu karibu. Akauliza, karibu sana? Nikasema karibu sana, nione mpaka vinyweleo. Akatabasamu kama aliyenisubiri siku nyingi, akapanda ngazi, akashuka na lenzi ndefu kama chupa ya chai. Nzito! Nikaupima uzito mkononi nikaamini. Nililipa bila hata kunyanyua macho.

Nyumbani — aibu. Nimeielekeza kwenye mrehani, inaguna tu, rrr, rrr, haioni. Nikarudi nyuma hatua. Rrr. Nikarudi tena. Nikarudi mpaka mgongo ukagota kwenye bomba la uani, ndipo ikalishika ua. Na ua lenyewe liko mbali kule, dogo vilevile! Mama akaniuliza napiga picha ya ua au namkimbia mtu.

Nimepanda roshani kwa hasira kuijaribu huko. Huko inaona, jamani, inaona kupita kiasi. Imenivuta mpaka kamba ya nguo ya Mwenyekiti, ng'ambo, ghorofa ya nne. Kaptula zake za ndani zina mabata. Mabata wa njano, wamevaa kofia. Sikukusudia. Nimeshusha kamera haraka, lakini nilichoona nimeona.

Nimechekea chooni ili nisiulizwe. Halafu nikakumbuka akiba ya sofa, kicheko kikakata.

Jumanne, 6 Mei

Mimi ni mjinga. Mjinga wa kutupwa!

Mimi ndiye msaidizi wa daktari wa meno. Uani wananiita Dada Meno. Kazi yangu ni kuvuta shavu la mgonjwa, kushika kioo, kufyonza mate. Na kila jino la shida Daktari hulipiga picha kwa kamera ya kliniki, ile tunayoiita kamera ya meno. Leo amekuja baba mmoja mwenye gego lililopasuka. Nimeshika kioo, Daktari kapiga, picha ikatokea kwenye skrini — gego lile limekaa kama jabali, ufa unapita katikati, hata chai aliyokunywa asubuhi unaiona! Nikatoa macho. Nusura kioo kimwangukie mgonjwa kooni.

Mgonjwa alipoondoka niliigeuza ile lenzi nikaisoma, lenzi ninayoifuta kwa spiriti kila jioni tangu niajiriwe. Imeandikwa 1:1. Nikasoma kwa sauti, moja kwa moja. Daktari akacheka. Akasema ni hivyo hasa, kitu hutua ndani ya kamera kwa ukubwa wake uleule, moja kwa moja. Hiyo ndiyo makro. Kwenye nyingine zote kitu hutua kimesinyaa.

Nikamwomba aniazime kwa wiki mbili. Akakataa, kwa upole lakini ng'o. Leo mdomoni mwa mtu, kesho kwenye samadi, keshokutwa mdomoni tena? Ana haki.

Lakini akanipa somo, na somo hilo ni dhahabu. Alipoanza kazi alinunua makro fupi. Picha zake nzuri tu, shida ni kwamba kupata jino moja ilibidi lenzi ikaribie kuingia mdomoni. Wagonjwa wakiona kitu kinakuja puani wanafunga. Na kichwa chake mwenyewe kinaziba taa, jino linabaki kivulini. Akahamia hii ndefu kiasi. Jino linaijaza picha vilevile, lakini yeye yuko mbali kidogo, mgonjwa anapumua, taa inapita. "Usiulize tu inakuza kiasi gani," alisema. "Uliza inakuacha umbali gani na mgonjwa."

Mgonjwa wangu ni nyuki. Nimeelewa, Daktari.

Alhamisi, 8 Mei

USHINDI. Naandika kwa herufi kubwa.

Nimekwenda dukani na lenzi ndefu kwenye boksi lake na mrehani wa Mama kwenye chungu. Ndiyo, mrehani wenyewe, na udongo wake. Muuza kamera aliutazama kama nimemletea mbuzi. Akanionyesha kibao ukutani kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia soma vizuri, hakijasema haibadilishwi.

Tukabishana. Akasema nilitaka ilete vitu karibu. Nikasema ndiyo. Akasema na hii inaleta vitu karibu. Nikasema ndiyo, inaleta, na mimi sitaki. Akanitazama kama mtu aliyechoka na siku yake. Wateja nyuma yangu wakaanza kukohoa. Ndipo likanitoka, sijui lilitoka wapi:

"Sitaki vitu viletwe kwangu. Nataka mimi niende kwao."

Akasimama. Akajipiga paji la uso. "Makro! Dada yangu, si ungesema!"

Ningesemaje na neno nilikuwa silijui? Lenzi ya karibu, lenzi ya kuleta karibu — yeye kasikia hili, mimi nimesema lile, na sote wawili tunazungumza lugha moja tangu kuzaliwa.

Basi akapanga makro tatu kwenye meza ya kioo. Fupi, ya kati, ndefu. Kwanza alitaka kuniuzia pete tupu za kuvalisha nyuma ya lenzi yangu ya harusi, rahisi, nazo hukaribisha. Nikauliza nikitaka kupiga bustani nzima? Unazivua. Na nyuki akitua? Unazivaa tena. Nyuki ananisubiri, siyo? Akazitia mfukoni — mfuko mmoja umepata kazi.

Fupi ilinijaribu, kusema kweli. Nyepesi, bei inavumilika, sofa lingeweza hata kufufuka. Akanionyesha kwenye waridi la plastiki lililoko kaunta. Loo, tamu! Lakini waridi la plastiki haliogopi mtu. Nikavuta chungu changu. Kupata kiua kimoja cha mrehani kijae, ilibidi lenzi iguse majani, na kivuli chake kikakifunika kiua chote, giza. Na sisimizi aliyekuwa juu yake akakimbia. Gego! Huyu ndiye yule mgonjwa wa Daktari, kafunga mdomo.

Ile ndefu kabisa ilikaa mbali vizuri sana. Lakini inataka stendi ya miguu mitatu na mkono wa kubeba gunia, na bei yake sikumwacha amalize kuitamka.

Ya kati, ile ya milimita mia. Nikavuta pumzi. Kiua kikajaa. Mwanga unapita. Sisimizi akarudi, akasimama ukingoni, akafuta uso wake kwa mikono miwili. Ana nywele! Sisimizi ana nywele usoni! Nilipiga ukelele, duka zima likageuka, mzee mmoja akaja kuchungulia naye akapiga ukelele wake.

Nimeongeza kidogo tu juu ya bei ya ile ya kwanza, tumebadilishana, imeisha. Nimemwachia muuza kamera sisimizi wachache kwenye kaunta kama bakshishi.

Jumamosi, 10 Mei

Magoti yanauma, mgongo unauma, nina udongo sikioni. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Asubuhi nilidhani nimepigwa tena. Lenzi hii ina wivu — inapenda kitu kimoja tu. Jicho la nyuki kali kama sindano, mabawa yake ukungu. Ncha ya ua safi, shina limepotea. Nikazungusha pete ya fokasi huku, kule, nikishapata upepo unapita, mrehani unacheza, nimekosa. Picha nyingi mno za kitu fulani cha kijani.

Halafu nikagundua. Hutakiwi kuzungusha! Unaifunga pete ilipo, halafu unasogea wewe, mwili mzima, mbele kidogo, nyuma kidogo, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Kitu kikikaa sawa unapiga. Na tundu la lenzi ulibane, ili shina nalo lipate haki yake. Picha ikiwa giza, ngoja jua.

Upepo ulibaki. Mama akautatua. Alisimama upande unakotoka, akatandaza mtandio wake kwa mikono miwili kama pazia, na hapo ndipo akawa bosi. Shusha bega. Toa pumzi. Bado. Bado. Sasa! Haoni kitu, lakini upepo anausikia kwenye ngozi, anajua unapumzika lini. Sikukosa tena. Watu wa roshani walikuwa wanatuchungulia. Wachungulie.

Nimepata nyuki mwenye chavua miguuni kama amevaa soksi nene. Nimepata mayai ya kipepeo chini ya jani la mlimau, yamejipanga, yana mistari, jamani, mayai yenye mistari! Nimepata tone la maji kwenye jani la nanaa na ndani yake jengo letu zima limepinduka.

Na nimepata ufalme. Mama aliniambia nisisahau "Mkanyage". Ndivyo anavyokiita kijani fulani kinachoota kwenye nyufa za njia, kila mtu anapita juu yake, na Mwenyekiti zaidi, maana hiyo ndiyo njia yake ya mkato kila asubuhi kwenda kwenye gari. Nilisema hakina ua. Akasema kina, alilisikia kidoleni. Nikalala kifudifudi kwenye saruji. Lipo! Halizidi tundu la kifungo cha shati. Buluu. Petali tano za buluu, kila moja na ukingo mweupe, na katikati nyota ya zambarau. Nilisahau kupumua.

Mchana tukaziweka kwenye skrini ya kompyuta, Mama kavuta kiti. Nikazipitisha moja moja, kubwa. Tukafika ya mrehani. Akagusa skrini.

"Kumbe ndivyo walivyo," alisema. "Nimewamwagilia muda wote huu. Kumbe ndivyo walivyo."

Nikalia. Yeye hakulia, akaniambia nipenge kamasi nimwonyeshe nyingine.

Jumanne, 13 Mei

Zimebandikwa! Ngazi zote mbili, jengo letu na la pili. Upana wa mlango, kama nilivyotaka. Sikuandika majina. Chini ya kila moja nimeandika tu: "Hiki ni nini? Kiko uani."

Watu wamesimama! Wamesimama na mifuko mikononi, wanabishana. Fundi viyoyozi wa ghorofa ya kwanza amekula kiapo kwamba mayai ya kipepeo ni kofia za bolti. Mke wake anasema ni peremende. Nyuki wamemjua, lakini soksi zake zimezua mjadala mpaka chakula kikaungua kwa mtu, tumesikia harufu. Kuanzia saa kumi watu wameshuka uani kutafuta. Wameshuka! Mama kawapokea juu ya ndoo kama waziri. Wengine hawajakanyaga pale tangu wahamie.

Mume wangu nimemfumania ngazini anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba. Alikuwa anasikiliza mke wake anavyosifiwa. Nimejifanya sikumwona.

Alhamisi, 15 Mei

Mwenyekiti ameandika kwenye kundi la simu la wakazi. Eti tusidanganywe na picha za mtandaoni. Eti yeye anapita uani kila asubuhi na hajaona ua lolote la buluu, na mtu mwenye akili timamu atajua ile picha ya ngazi yake si ya hapa, ni ya nchi za baridi. Kura zitapigwa kwa hali halisi.

Za mtandaoni! Goti langu lina kovu la saruji yake! Nilitaka kujibu kuhusu mabata. Vidole vilikuwa tayari vinaandika. Mama akaninyang'anya simu, akasema mtu huyo si mwongo, ameona alichoona. Anatembea akiwa ameinua kidevu, aone nini?

Kibaya zaidi, watu wameanza kumwamini. Mke wa fundi kaniuliza ngazini, kwa aibu, kama kweli nimepiga mwenyewe.

Na jioni nimepita mlangoni kwa Mama. Begi lake limeshushwa kutoka juu ya kabati, liko kitandani, wazi. Nguo zimekunjwa ndani. Kakunja vizuri, si kama ninavyokunja mimi. Sikuuliza, nikaenda kumenya viazi. Nina hasira na nina hofu, na zote ziko mahali pamoja.

Jumamosi, 17 Mei

Mwenyekiti kaleta mtu wa usafi kwa ajili ya mkutano wa kesho. Amekwangua njia yote. Nyufa zote, kwa pauro, safi kama sahani. Mkanyage kwisha.

Mimi na Mama tumetambaa njia nzima. Yeye kwa vidole, mimi kwa lenzi. Hakuna, hakuna. Karibu na mfuniko wa maji machafu mkono wake ukasimama. Kimoja. Kimebaki kimoja, na kichwa chake kimefumba. Mama anasema jua likikipiga kitafumbua.

Ndoo yake ameipindua juu ya kijani hicho usiku huu kukilinda. Mara ya kwanza nimemwona akitoa kiti chake.

Jumapili, 18 Mei

Haraka. Nimepanda kuchukua betri, ile ya kwenye kamera imekufa. Daftari liko mezani, naandika nimesimama.

Mkutano ulianza saa nne, uani. Viti vya plastiki. Mwenyekiti kavaa suruali nyeupe, pasi kama wembe. Alisoma hoja, akasifu maegesho, akasema picha ni nzuri lakini tusipigie kura vitu visivyokuwepo. Akasema wanaotaka maegesho wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kwenda juu. Mingi! Niliona mkono wa mke wa fundi uko nusu njia, hauendi juu, hauendi chini.

Nikasimama. Nikasema ua la buluu lipo, hatua chache kutoka alipo, aje aone. Watu wakacheka. Akasema haya, nionyeshe, tumalize. Kwa kiburi kabisa, mikono mfukoni, akaja mpaka ukingo wa bustani.

Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, palepale. Hakuondoka. Akamtazama kuanzia viatu.

"Kwa watu hubishwa hodi," alisema.

Mwenyekiti akageuka kutazama watu, watu wakamtazama yeye. Akatoa mikono mfukoni.

"Hodi," alisema.

"Karibu."

Mama akainuka, akaiinua ndoo. Jua lilikuwa limeshafika pale. Ua limefumbua! Nikampa Mwenyekiti kamera, nikamwonyesha pa kutazamia, nikamwambia asizungushe kitu, asogee yeye. Akainama kama mtu anayesoma bei dukani. Akasema haoni kitu.

"Karibu zaidi," nikamwambia.

"Niko karibu."

"Bado. Karibu zaidi."

Akachuchumaa. Zaidi. Goti moja likagusa chini, suruali nyeupe. Zaidi. Goti la pili. Halafu viwiko. Halafu nikamwona anasogea mbele kidogo, nyuma kidogo — na akatulia. Akaacha kupumua. Najua huko ndani kafika wapi, nilifika mimi Jumamosi ile.

Alikaa hivyo muda mrefu mpaka mtu mmoja akauliza kama ni mzima. Alipozungumza hakuinua kichwa. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama hiki ndicho anachokikanyaga. Mama akasema ndicho, kila asubuhi, na kila asubuhi kinaamka.

Halafu fundi akasema naye anataka kuona. Mwenyekiti akasema subiri, bado. Mke wa fundi akapanga foleni. Foleni! Mikono iliyokuwa juu ilikuwa imeshuka yenyewe, hakuna aliyehesabu, hakuna aliyesema kikao kimeahirishwa. Na betri ikafa mikononi mwa Mwenyekiti, akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Kura bado. Akisimama akajipangusa suruali anaweza kurudia hoja yake, namjua. Sijui.

Betri ilikuwa inachajiwa chumbani kwa Mama. Begi liko palepale kitandani, sasa limefungwa zipu. Nimeichukua betri bila kuligusa.

Nimechungulia roshani. Kutoka huku juu sioni ua, sioni hata mrehani. Naona migongo tu, migongo ya majirani zangu wote, imeinama. Na Mama katikati, kichwa juu, mkono juu ya macho, ananitafuta.

"Umechelewa!"

Nikamwambia nakuja. Akapiga kelele tena, uwanja mzima umesikia, kwamba saruji inaumiza magoti ya watu, wanahitaji kitu laini cha kupigia magoti. Nilete begi lake. Nikauliza, na nguo?

"Mwaga kitandani! Lete tupu!"

Nimemwaga. Betri iko mfukoni. Nashuka.